Kijana wa pafu la chuma

Polio waijua; zamani mitaa mingi ilikuwa na watu waliopoozwa miguu nayo. Basi sikiliza habari za kijana mmoja wa California, katika Marekani, jina lake Ed Roberts.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 14, polio ilimwacha hawezi kusogeza kitu chini ya shingo, isipokuwa vidole vichache. Hata pumzi ilimshinda. Usiku alilazwa ndani ya mashine ya chuma, mfano wa pipa kubwa, kichwa tu kikitokeza nje, ndiyo iliyompumulia. Mchana alijizoeza kumeza hewa kidogo kidogo, kama chura. Masomo ya sekondari aliyasikiliza nyumbani kwa simu. Mwishowe wakubwa wa shule walitaka kumnyima cheti, kwa kuwa hakufanya michezo ya viungo wala hakujifunza kuendesha motokaa! Mama yake, Zona, hakukubali, hata cheti kikatolewa.

Akaomba kuingia Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Mkubwa mmoja akajibu kwamba vilema walikwisha kujaribiwa zamani, wala haikufaa. Tena bweni gani lingepokea mashine nzito namna ile? Daktari Henry Bruyn, mkuu wa afya ya wanafunzi, ndiye aliyempa chumba katika hospitali ya chuo. Roberts akaingia mwaka 1962.

Wengine wenye kupooza wakamfuata. Wakakaa pamoja, wakazungumza, wakaona neno moja: wao si wagonjwa, kwa nini walale hospitalini? Mwaka 1970 ikafunguliwa ofisi chuoni, ikiendeshwa na vilema wenyewe. Iliwatafutia wasaidizi wa kuwavika na kuwalisha, na mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyemchagua wa kwake. Iliwatafutia nyumba zisizo na ngazi. Ilitengeneza pia viti vya magurudumu. Kazi hii ya mwisho yaonekana ndogo. Lakini kiti kikivunjika leo, na fundi akija baada ya wiki mbili, mtihani umekwisha kupita.

Nani alilipa karo ya Roberts? Ofisi ya serikali iliyowasaidia vilema kupata kazi ilikataa kwanza, ikisema kijana huyu hatafanya kazi kamwe. Habari ilipotoka magazetini, ikalipa. Mwaka 1975 Gavana Jerry Brown akamweka Roberts kuwa mkuu wa ofisi hiyohiyo.