Je, Wajua? Wizi Wenye Risiti

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji, ushike kikombe chako vizuri kisije kikakuponyoka. Leo tunao wezi wa mali ya umma na mawakili wao, na nakuomba uangalie jambo moja tu: jinsi watu hawa wanavyopenda kuandika!

Je, wajua kuwa fundi plasta mmoja wa New York alilipwa dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili? Siku mbili! Hiyo ni karne ya 19, mji ulipokuwa ukijenga mahakama mpya chini ya bwana mkubwa wa siasa zake, William Tweed. Meza 3 na viti 40 viliandikiwa dola 179,729, na vipimajoto 11 vikala dola 7,500.

Ngoja, bado. Mwaka 1867 Marekani iliinunua Alaska nzima, milima na barafu yake, kwa dola milioni 7.2. Mahakama ya Tweed peke yake ilimeza takriban dola milioni 13! Na kwenye hati za malipo alikuwemo bwana mmoja anayeitwa T. C. Cash. Yaani Bwana Taslimu, mchana kweupe, na hakuna karani aliyecheka.

Na huyo Tweed, wajua alikuwa wakili? Darasa la sheria hakuliona. Jaji aliyekuwa rafiki yake ndiye aliyemwidhinisha, akafungua ofisi, matajiri wakapanga foleni kumlipa kwa "huduma za sheria".

Hesabu zake zilivuja hadi gazeti la New York Times mwaka 1871. Sasa nikuulize, mwaka 1873 alishtakiwa wapi? Ndani ya mahakama ile ile, ambayo hata ilikuwa haijaisha kujengwa! Baadaye akatoroka akakimbilia Hispania, na huko akatambuliwa mwaka 1876 kwa sababu ya katuni ya gazetini iliyochorwa na Thomas Nast.

Tuje karibu na nyumbani. Je, wajua kuwa mwaka 2015 Kaunti ya Bungoma, Kenya, ilinunua toroli 10 kwa shilingi 1,090,000? Gawa mwenyewe: shilingi 109,000 kwa gurudumu moja, mishikio miwili na bakuli la kubebea. Wakubwa walipoulizwa, walieleza kwamba chuma chake ni kile kisicholeta saratani. Sijawahi kumsikia fundi mwashi akiliulizia hilo dukani.

Je, wajua kuwa mbunge wa Marekani, Randy Cunningham, aliandika bei za rushwa yake kama menyu ya hoteli, tena kwenye karatasi rasmi yenye nembo ya Bunge? Kandarasi ya dola milioni 16 ilitaka boti ya dola 140,000. Ukitaka milioni moja zaidi, unaongeza dola 50,000. Ukishafika milioni 20, unapunguziwa, unatoa dola 25,000 tu. Mteja wa jumla huyo! Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka minane.

Mwenzake wa Louisiana, William Jefferson, alikuwa na dola 90,000 kwenye friza. Wapelelezi walizikuta mwaka 2005 zimefungwa kwenye karatasi ya foili, zimefichwa ndani ya maboksi ya vyakula vilivyogandishwa. Pesa baridi, msomaji, baridi kabisa.

Mwanasiasa Paul Powell wa jimbo la Illinois yeye alipenda maboksi ya viatu. Mshahara wake haukuwahi kufika dola 30,000 kwa mwaka, lakini alipofariki mwaka 1970, chumba chake cha hoteli kilikutwa na mamia ya maelfu ya dola taslimu.

Illinois hiyo hiyo! Gavana wake wa zamani, Otto Kerner, alitiwa hatiani mwaka 1973 akiwa tayari ni jaji wa mahakama ya rufaa. Unajua alinaswaje? Mama mwenye viwanja vya mbio za farasi aliyemhonga kwa hisa aliiandika hongo hiyo kwenye fomu zake za kodi, eti gharama ya kawaida ya biashara. Aliomba apunguziwe kodi!

Umewahi kusikia mahakama imegeuka soko? Chicago, miaka ya 1980, wapelelezi walitega vinasa sauti hadi ndani ya ofisi ya jaji. Waliofikishwa kizimbani kwenye kashfa hiyo ya rushwa ni pamoja na majaji 17 na mawakili 48.

Wakili Eric Conn wa Kentucky alisimamisha sanamu kubwa ya Abraham Lincoln nje ya ofisi yake, na ofisi yenyewe ilikuwa matrela yaliyounganishwa. Nyuma ya Lincoln huyo alikuwa akiwahonga jaji na madaktari ili wateja wake wapate mafao ya ulemavu, kashfa iliyozidi dola milioni 500. Mwaka 2017 alikata bangili ya kumfuatilia akatoweka. Alikamatwa Honduras, akitoka kwenye duka la piza.

Wa kale je? Verres, gavana wa Kirumi kisiwani Sicily, alikuwa na hesabu yake ya miaka mitatu, kama alivyoieleza wakili Cicero aliyemshtaki mwaka 70 KK. Mavuno ya mwaka wa kwanza ni yake mwenyewe, ya pili ni ya mawakili na walinzi wake, na ya tatu, yale manono kuliko yote, ni ya mahakimu watakaomsikiliza. Bajeti kabisa!

Francis Bacon, jaji mkuu kuliko wote Uingereza, alikiri mwaka 1621 kupokea zawadi za wenye kesi. Cha kuchekesha ni waliomshtaki: walitoa, na kesi bado wakashindwa!

Hii sasa ya kutisha. Herodotus anasimulia kuwa mfalme Cambyses wa Uajemi alimchuna ngozi jaji mla rushwa, Sisamnes, akaitandaza juu ya kiti cha hukumu. Kisha akamteua jaji mpya akalie. Nani? Mtoto wa Sisamnes.

Je, wajua kuwa Kenya haichimbi almasi? Wajua basi kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa "kuuza nje" dhahabu na almasi? Aliyezitoa karatasi za malipo hayo hadharani ni karani wa Benki Kuu, David Munyakei. Alikamatwa, akafukuzwa kazi, akafa mwaka 2006 akiwa fukara. Hapa hata mimi nimenyamaza kidogo.

Tanzania tulinunua rada ya pauni milioni 28 kutoka kwa kampuni ya BAE. Baada ya kesi ya Uingereza mwaka 2010, zikarudi pauni milioni 29.5, nyingi kuliko bei yenyewe, zikageuka vitabu na madawati! Na mwaka 2008, mwanasheria mkuu wa zamani Andrew Chenge alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokutwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, aliziita vijisenti. Alikana kuwa ni rushwa, hakutiwa hatiani, ila uwaziri akaachia. Senti yenyewe ni ndogo. Yeye akaidogosha tena.

Wajua kuwa sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima kwa wapiga kura, pilau na soda zikihesabiwa ukarimu wa Kiafrika? Mahakama Kuu iliitupa mwaka 2006. Mwaka 2017 nao, watumishi wa umma 9,932 walibainika wana vyeti vya kughushi. Hao walikuwepo kazini angalau. Mwaka mmoja kabla, zaidi ya 10,000 walioondolewa kwenye orodha ya mishahara walikuwa hewa!

Nimebakiza moja, usinyanyuke. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa kulima karanga Tanganyika, ikilenga mamilioni ya ekari. Hapa hakukuwa na mwizi, kulikuwa na haraka tu. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, vikapelekwa Kongwa kupambana na mibuyu. Mibuyu ikagoma, nyuki wakatoka, mvua ikakawia, na udongo wa mfinyanzi ukakauka kama tofali huku karanga zikiwa ndani. Mradi ukaachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni, na mbegu zilizonunuliwa zilikuwa nyingi kuliko karanga zilizovunwa.

Wangezikaanga zile mbegu na chumvi, wakaziuza kwenye koni za magazeti pale stesheni, wangepata faida.