Kufa, Kufariki na Kufiwa: Hofu ya Mauti Pasipo Tumaini la Ahera

Mtu asiyetumaini ahera huikabili vipi hofu ya mauti? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa kukanushwa: husemwa kwamba mtu wa namna hiyo hayuko katika Afrika ya Mashariki, na akionekana, basi ni mwanafunzi aliyerudi na vitabu vya Ulaya mkobani. Jibu hilo ni jepesi mno. Makala haya yanalipeleka swali mahali ambapo huonekana kuwa gumu zaidi, yaani Wajir, katika eneo lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu na kuikana ahera hadharani ni jambo zito. Hakusudiwi hapa kumtafuta mkanaji huko na kumtaja. Kinachokusudiwa ni kuchunguza lugha mbili zinazokutana Wajir, Kiswahili na Kisomali, ili ionekane mtu huyo, popote alipo, amewekewa maneno gani ya kusemea kifo chake na cha wenziwe.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kufa, lakini havina uzito mmoja. Kufariki, chenye asili ya Kiarabu, ni kuachana; kuaga dunia ni kutoa kwaheri; kutangulia mbele ya haki ni kwenda kuhukumiwa. Kila kimoja kati ya hivi chadai pawepo msafiri anayeendelea kuwako baada ya safari kuanza. Marehemu naye ni aliyerehemewa, na rehema haipewi asiyekuwapo. Hata hayati, neno linalotangulia majina ya viongozi kama Jomo Kenyatta na Julius Nyerere, maana yake ya asili ni uhai. Kwa upande wa pili kipo kitenzi kikongwe cha Kibantu, kufa, ambacho hakidai lolote. Mtu hufa, mbuzi hufa, betri hufa, saa ya ukutani hufa. Jaribio dogo latosha kuonyesha tofauti. Asemaye kuwa mbuzi wake amefariki huchekwa. Naye aingiaye matangani na kusema wazi kuwa mzee wa nyumba amekufa huonekana hakufunzwa adabu. Yaani adabu ya Kiswahili mbele ya maiti imefungamana na ahera. Asiyeiamini hana budi kuazima maneno ya aaminiye kila anapotaka kuonyesha heshima, na kumwita mnafiki kwa sababu hiyo ni kumwonea, kwani lugha haikumpa mengine.

(Yafaa kukumbuka pia kwamba wanaisimu wengi hukisia kuwa kiambishi -ta- cha wakati ujao kimetokana na kitenzi taka. Kwa asili yake, basi, nitakufa ni tamko la mtu atakaye kufa, jambo ambalo wasemaji wake wengi hawalitaki hata kidogo.)

Kisomali kimekwenda mbali zaidi, kwa sababu yale ambayo Kiswahili kimeyaachia adabu, chenyewe kimeyatia katika msamiati. Kwa tahajia ya Kilatini iliyofanywa rasmi nchini Somalia mwaka 1972, binadamu akifa hutumika kitenzi dhimo, au kwa heshima zaidi neno geeri na vitenzi vinavyotokana nalo. Mnyama akifa pasipo kuchinjwa, kitenzi ni bakhti. Kitenzi hichohicho hutumika kwa moto uliozimika na taa iliyozimwa. Mfugaji wa Wajir aliyepoteza ngamia kwa ukame hana shida ya kuchagua neno. Lakini mtu mwenye kuamini kwamba binadamu naye huzimika kama taa, hana jingine baki, atajikuta amesimama mbele ya neno ambalo, likisemwa juu ya baba wa mtu, ni tusi. Kiswahili nacho kina kufa kibudu, na uzito wake unakaribiana na huo.

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, na wajadili wengi wa dini na falsafa wameupita bila kuuona. Wao hudhani kuwa asiye na ahera anaogopa kutokuwapo. Kwa ushahidi wa lugha hizi mbili, anachoogopa yeye na wanaomsikiliza ni kuhesabiwa pamoja na mizoga. Hofu hiyo haihusu yatakayompata baada ya kufa; yahusu jinsi walio hai watakavyomtendea na kumtaja.

Mwanafalsafa Myunani Epikuro, aliyefariki mwaka 270 K.K., alijaribu kuwatibu wanafunzi wake hofu hiyo kwa hoja maarufu: maadamu mtu yupo, mauti hayapo, yakiwapo, mtu hayupo, basi hayamhusu aliye hai wala aliyekufa. Hoja hii ni safi, na huenda imewatuliza wengi. Hata hivyo yapwaya mara ikitiwa katika Kiswahili, kwa sababu lugha hii ina mnyambuliko ambao Epikuro hakuuzingatia. Kutokana na kufa hupatikana kufia, na kutokana na kufia hupatikana kufiwa. Mtu hufiwa na mama, hufiwa na mtoto. Katika kauli hiyo kifo kimemtokea mtu aliye hai kabisa, naye ndiye kiima cha sentensi. Aliyekufa amebaki nyuma ya kihusishi. Kisarufi, mauti yana mwenyewe, naye yu hai. Kisomali chashuhudia karibu jambo lilelile kwa njia nyingine: kitenzi dhimo kina jamaa katika maneno ya kupungua na kukosekana kitu. Aliyekufa ndiye upungufu, na upungufu huonekana kwa waliobaki.

Ikiwa ndivyo, tiba ya hofu isitafutwe katika hoja za mtu mmoja ajisemeshaye usiku peke yake. Itafutwe katika yale ambayo wafiwa hufanya. Wajir inayo desturi moja ambayo thamani yake kwa suala hili ni kubwa, nayo ni abtirsi, yaani hesabu ya mababa. Mtoto wa Kisomali hufunzwa kutaja jina lake, la baba yake, la babu yake, akapanda hivyo kizazi kwa kizazi mpaka kwa mwasisi wa ukoo. Hata katika daftari la mahudhurio shuleni mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu. Babu akifa, halifutwi. Baba naye atakapokufa, atabaki katikati, na baadaye, kwa wajukuu, atasogea mwisho. Mwendo huo wa majina hauhitaji roho wala mzimu. Wahitaji kinywa na kumbukumbu tu. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyaazima maneno ya Kiswahili sasa na zamani ili kueleza jinsi mfu anavyoendelea kuwako maadamu wapo wamkumbukao kwa jina. Maelezo yake juu ya wakati yamepingwa na wengi, na kwa haki. Lakini kuhusu jina aligusa jambo la kweli, hata kwa yule asiyekubali kwamba nyuma ya jina kuna roho.

Isidhaniwe kwamba abtirsi ni mbadala kamili wa pepo. Huhesabu wanaume. Mama aliyezaa ukoo mzima hana nafasi katika mlolongo huo, wala mwanamume asiye na mwana hana wa kumpeleka mbele. Anayetafuta hapo faraja ya watu wote atakuta milango imefungwa kwa zaidi ya nusu yao. Tena majirani wa kale wa Wasomali katika visima vya Wajir, yaani Waborana, ambao Waingereza waliwahamishia magharibi katika miaka ya 1930, walikuwa na njia nyingine. Asmarom Legesse, katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya gada, ameeleza jinsi wanavyohesabu wakati kwa vipindi vya miaka minane na kwa marika yanayopokezana. Sala zao za asili kwa Waaqa ziliomba mvua, uzazi na amani, mambo ya hapa duniani. Jina la Waaqa lingali katika ramani, kwa kuwa El Wak, kaskazini ya Wajir, ni visima vya Waaqa.

Uzito wa hayo yote ulionekana kwa namna ya kutisha Februari 1984. Kuanzia tarehe 10 ya mwezi huo, wanaume, wengi wao wa ukoo wa Degodia, walikusanywa na vyombo vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiwa huko kwa siku kadhaa juani. Wengi waliuawa. Kwa miaka mingi Serikali ilikiri vifo 57, hali wenyeji walitaja mamia, na wengine maelfu. Watu hao waliamini ahera, na jamaa zao pia. Hata hivyo imani hiyo haikuondoa uchungu wa maiti ambazo hazikuoshwa wala kukafiniwa, wala ule wa idadi iliyopunguzwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake mwaka 2013, ilipokea ushahidi wa walionusurika na wa wajane. Walichodai kilikuwa cha dunia hii: kukiriwa, kutajwa, haki. Katika madai hayo, aaminiye na asiyeamini wangeweza kusimama bega kwa bega bila yeyote kulazimika kusema uongo.

Kwa mwanga huo, riwaya ya Kezilahabi, Kichwamaji (1974), yastahili kusomwa upya. Imekuwa desturi kusema kuwa Kazimoto anajiua kwa sababu amempoteza Mungu. Ukifuata mfululizo wa matukio, maelezo hayo hayatoshi. Kazimoto huishi na shaka zake kurasa nyingi, hubishana, huoa. Anaangamia baada ya kuzaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, yaani pale ambapo, baada ya mlango wa mbinguni, mlango wa uzazi na wa jina nao umefungwa, naye amekwisha kujitenga na wale ambao wangefiwa naye. Wahakiki wamezoea kuushika mlango wa kwanza tu, labda kwa kuwa ndio unaofanana na vitabu vya Sartre na Camus.

Limebaki suala la maneno ya kutumia matangani. Pole haina shida; humhusu mfiwa, wala haisemi lolote juu ya alikokwenda maiti. Lakini Wajir mfiwa huombewa vitu viwili kwa pamoja, samir na iimaan, subira na imani. La kwanza asiyeamini aweza kulitamka kwa moyo mmoja. Kwenye la pili husita, na wenziwe huenda wakamsubiri.