Kweli Mbele ya Dirisha la Viza



Alinijia binti mmoja wa mtaani kwetu, amefuatana na mama yake. Mumewe yuko Marekani, naye ameitwa mahojiano ya viza ubalozini Nairobi. Karatasi zake alizipanga vyema: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha tabia njema cha polisi na picha za harusi. Lililomkosesha usingizi ni talaka ya ndoa yake ya kwanza. Shangazi yake alimshauri aifiche.

Nikamwambia: Mwanangu, talaka si aibu ya kufichwa. Uliachwa kwa sheria, na eda ukaikamilisha. Pale dirishani utainua mkono wa kulia na kuapa kusema kweli. Na kiapo kwetu sisi Waislamu si jambo la mzaha. Hata kwa sheria ya Marekani, uongo katika jambo zito huweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote. Tena fomu aliyojaza mumeo huuliza ndoa zilizotangulia. Je, kauli zenu mbili zikigongana?

Akaenda Mahakama ya Kadhi, akachukua cheti cha talaka. Alipoulizwa, alijibu kwa utulivu na kukitoa. Viza ikakubaliwa, alhamdulillahi.

Enyi wazazi, sajilini ndoa na talaka za watoto wenu mapema. Nikahi iliyotimiza nguzo zake Mola anaijua. Afisa wa ubalozi huijua kwa cheti.

Wallahu aalam.