Swali Lililochekwa Darasani

Walimu wenzangu, lipo kosa ambalo wengi wetu tumelitenda, nami nimo. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu aliuliza kwa nini mwezi hutufuata tunaposafiri usiku. Nilimjibu kwa dhihaka kwamba akamwulize dereva wa basi. Darasa liliangua kicheko. Mkono ule haukunyooshwa tena mwaka mzima.

Kila nikumbukapo siku hiyo, humfikiria Erasto Mpemba wa Tanzania.

Mnamo 1963, Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wavulana wa huko walizoea kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mwenzake mmoja akawahi kuweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, kwa kuchelea kukosa nafasi, akayaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, ajabu! Yaliyokuwa moto yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Alipojiunga na shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu wa huko alisema kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Ikawa akikosea hata hesabu, hutaniwa kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba aliuliza kwa mara nyingine, na wenzake wakamcheka. Mgeni hakucheka, wala hakukubali upesi. Aliahidi kulifanyia jambo hilo majaribio, naye akatimiza. Mnamo 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanasayansi huliita jambo hilo athari ya Mpemba.

La kushangaza zaidi ni kwamba Aristotle alikwisha kulitaja karne nyingi zilizopita. Mnamo 2012, chama cha wanakemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vyema, kikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mnamo 2016, watafiti wengine walidai kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Ubishi ungalipo.

Lakini mjadala huo wote ulizaliwa na mvulana aliyekataa kunyamaza, na mtu mzima mmoja aliyekubali kujaribu kabla ya kuhukumu. Kuuliza si ujinga, wala mwalimu hapungukiwi heshima akisema, "Sijui, tujaribu."

Nami sikuwa na udhuru hata huo. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Tukisafiri, miti hupita nyuma yetu, lakini mwendo wetu ni mdogo mno kuubadilisha mahali tunapouona angani. Jibu nilikuwa nalo. Nilichokosa ni subira.