Mwalimu wa mazoezi: Mtihani mgumu humsubiri nje ya darasa

Msomaji mpenzi, huenda nyumbani kwako yupo kijana anayesomea ualimu. Huenda hata ni wewe mwenyewe, na muhula ujao utaitwa "mwalimu" kwa mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 21 tu. Basi keti kitako tuzungumze, kwani kuna mambo ambayo hayamo katika maelezo wanayopewa wanafunzi kabla ya kuondoka chuoni.

Kila mwaka, wanafunzi wa ualimu kutoka vyuo vikuu kama vile Kenyatta, Moi, Maseno na Egerton hutawanyika katika shule za sekondari kote nchini kwa mazoezi ya kufundisha, au TP kama wenyewe wanavyoyaita. Kwa kawaida mazoezi haya huchukua muhula mzima. Mwanagenzi hutayarisha maazimio ya kazi, huandika andalio la kila somo, huchora chati, kisha humsubiri mkaguzi kutoka chuoni. Mkaguzi naye aghalabu hutokea bila kutoa habari, akaketi nyuma ya darasa na faili yake mapajani.

Ikiwa umewahi kukaguliwa, unajua jinsi moyo unavyodunda faili hiyo inapofunguliwa. Lakini hebu tupige hesabu. Ukipewa vipindi 12 kwa wiki, kila kimoja cha dakika 40, utasimama mbele ya wanafunzi kwa saa nane pekee. Wiki ina saa 168. Je, hizo 160 zilizosalia utaziishi vipi? Utalala wapi, utakula nini na utazungumza na nani? Huko ndiko kijiji kizima kitakakokukagua, nacho hakihitaji faili.

Kazi isiyo na mshahara

La kwanza kufahamu ni kwamba TP hailipwi. Kinyume chake, ndiyo inayokula pesa. Chuoni mwanafunzi alikuwa na kitanda chake bwenini na maktaba hatua chache kutoka hapo. Akifika shuleni alikotumwa, inambidi apange chumba, atafute godoro, ndoo, sufuria na stovu. Inambidi vilevile avae kiualimu, na suruali mbili za heshima na jozi ya viatu, hata kama zimetoka Gikomba, huhitaji pesa. Karatasi za manila na kalamu za rangi hujinunulia mwenyewe mara nyingi.

Mikopo ya HELB, bodi iliyoanzishwa mwaka wa 1995, huwafaa wengi. Hata hivyo, pesa hizo huweza kuchelewa, nalo tumbo halijui kuchelewa. Kuna shule ambazo humpa mwanagenzi chai ya saa nne na chakula cha mchana, na chache humpa hata nyumba ya kuishi. Aliyebahatika kupata hayo na ashukuru.

Daftari la madeni

Mimi nilifanyia mazoezi yangu katika shule moja ya kutwa pande za Mwingi, kaunti ya Kitui, kando ya barabara itokayo Thika kwenda Garissa. Nilikuwa nimelelewa Nairobi. Sikuwa nimewahi kununua maji yaliyoletwa kwa punda, wala sikuijua ladha ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe. Kikamba changu kilikomea kwenye salamu.

Jirani na chumba changu palikuwa na duka. Siku ya tatu, mama mwenye duka aliniambia nichukue nitakacho naye ataniandika. "Si wewe ni mwalimu?" akasema, kana kwamba neno hilo ndilo dhamana. Nikaanza na mkate na sukari. Nikaja kwenye mafuta taa, mishumaa na kadi za simu. Wiki ya sita ilipofika, deni lilikuwa shilingi 1,340 na mkopo wangu haukuwa umeingia. Nikawa napita nyuma ya kanisa nikielekea chumbani, almuradi nisionekane kutoka dukani.

Katika kidato cha pili nilikuwa na msichana mmoja mwenye mwandiko mzuri sana. Jumatatu moja hakuleta insha niliyowaagiza waandike. Nilimkaripia mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba mtu asiyetimiza ahadi ndogo hawezi kuaminiwa na kubwa. Hakujibu neno.

Jioni hiyo mshumaa wangu wa mwisho ukaisha, na kulikuwa na maandalio ya somo ya kuandika. Nikajikaza nikaenda dukani. Pale nyuma ya kaunta nilimkuta yule msichana, kalamu mkononi, daftari limefunguliwa mbele yake. Kumbe mwenye duka alikuwa mamake. Mama hakujua kuandika. Alikuwa akiyashika madeni ya mchana kutwa kichwani, na kila usiku bintiye akiyatia daftarini. Mwandiko niliokuwa nikiusahihisha kwa kalamu nyekundu ndio uliokuwa umeandika kila mkate niliokopa tangu siku ile ya tatu.

Aliinuka, akanisalimu kwa adabu na kunipa kiti chake. Laiti angenicheka, ningeona afadhali.

Nilimwomba mamake radhi na kumweleza kwamba pesa zangu hazijafika. Akatabasamu. "Mwalimu, kuwa na deni si aibu," akaniambia. "Lakini kwa nini unazunguka nyuma ya kanisa? Watu wote wanakuona." Tukaafikiana nimpe shilingi 200 kila wiki kutoka kwa zile nilizotumiwa na wazazi, na nimalize pindi mkopo utakapoingia. Kesho yake nilimwomba yule msichana msamaha mbele ya darasa lile lile nililomwaibishia, nikamwongezea siku mbili za kuandika insha yake.

Mkopo uliingia wiki ya 11. Nililipa salio langu lote jioni hiyo hiyo, na binti huyo akapiga mstari juu ya jina langu. Alama nilizopewa na wakaguzi wangu nimezisahau. Mstari ule sijausahau.

Macho yako kila mahali

Nimekusimulia kisa hiki, msomaji, ili uone kwamba mashambani mwalimu hana pa kujificha. Mzazi wa mwanafunzi wako ndiye atakayekuuzia sukumawiki, atakayekubeba kwa bodaboda au atakayeketi nawe kanisani. Ukinywa pombe Ijumaa usiku, Jumatatu asubuhi wanafunzi watakuwa wanajua ulikunywa chupa ngapi na nani alikushika mkono ukienda kulala. Siku hizi kuna na simu. Picha uliyopigwa ukicheza densi mjini inaweza kufika darasani kabla yako.

Macho hayo hayana ubaya pekee. Watu hao hao watakuchagua uwe katibu wa harambee, watakuomba uwasomee barua ya serikali, na kwenye mazishi watakupa kiti cha mbele. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukiombwa kuwasaidia vijana wa mpira wa wavu au kuwafunza shairi la tamasha, usikatae. Upweke wa jioni na wa wikendi huwavunja moyo wanagenzi wengi kuliko kazi yenyewe, na dawa yake ni kuwa na shughuli na watu. Jifunze maneno kumi ya lugha ya wenyeji kila wiki. Watakucheka utakapokosea, na huo ndio mwanzo wa urafiki.

Mipaka isiyovukwa

Kuna jambo ambalo lazima lisemwe bila kumung'unya maneno. Mwanagenzi wa miaka 21 anaweza kumfundisha mwanafunzi wa miaka 18 au 19. Wanasikiliza muziki mmoja na wanacheka vichekesho vimoja. Ndiyo sababu mpaka unapasa kuwekwa mapema. Usimwite mwanafunzi chumbani mwako, hata kama ni kukuletea madaftari au kukuteka maji. Usimwandikie jumbe za usiku kwa simu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006 inasema kwamba mwalimu anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi kufanya naye ngono anaweza kufungwa jela kwa muda usiopungua miaka kumi. Si alama za chuo tu zinazopotea hapo, ni maisha ya watu wawili.

Kwa upande wa wanagenzi wa kike, hatari huweza kutoka kwa watu wazima. Yupo atakayekupa lifti kila siku, na yupo atakayekulipia kodi ya nyumba bila kuombwa. Ukiona wema umezidi, jiulize bei yake. Tafuta chumba chenye kufuli imara katika ua wa familia au karibu na mwalimu mwenzako. Siku za kwanza, jitambulishe kwa mwalimu wa kike aliyekaa hapo miaka mingi. Huyo anajua njia ipi haipitiki jioni na nani wa kuepukwa.

Wazazi, msikae kando

Nanyi wazazi wa mjini, msidhani kwamba mtoto akishaitwa mwalimu basi amejitegemea. Kabla hajaondoka, keti naye na muandike pamoja kodi ya miezi yote, chakula cha wiki, nauli na vifaa vya kufundishia. Tengeni nauli ya kurudi nyumbani, na pesa hizo zisiguswe kwa lolote lile isipokuwa ugonjwa au dharura.

Pili, kama uwezo wenu ni mdogo, ni heri kumtumia kidogo kila wiki kwa M-Pesa kuliko kumpa zote siku ya kwanza. Kijana mwenye pesa nyingi mwezi wa kwanza huwa na marafiki wengi, na mwezi wa tatu hubaki na daftari la madeni kama langu.

Tatu, mpigieni simu. Wengi huuliza tu kama mkaguzi amefika. Muulizeni pia amekula nini jana, na anakaa na nani jioni. Akijibu kwa mkato mara tatu mfululizo, pandeni matatu mkamwone.

Faida yake ni kubwa

Mwanagenzi atakapohitimu, atahitaji kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na miongoni mwa stakabadhi atakazodaiwa ni cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Wengi hulazimika kungoja kabla ya kuajiriwa na tume hiyo, na katika muda huo hufundisha kwa ajira ya bodi za shule. Mwalimu mkuu akitafuta mtu wa kujaza pengo, humkumbuka yule aliyefundisha vyema na kuishi vyema na watu.

Kwa hivyo, kijana, utakapofungasha mizigo yako kwenda TP, beba chati zako na maazimio yako ya kazi. Jiandae kwa mkaguzi. Lakini siku utakapofika, kabla hujafungua godoro, pita dukani umsalimu mwenye duka na umwambie jina lako. Ukija kukwama, na huenda ukakwama, nenda ukamwambie mapema. Usipitie nyuma ya kanisa.