Meli ndogo, bamvua kubwa: unacholipia ukisafiri pwani ya Kimberley

Matangazo ya safari za meli za kifahari kaskazini-magharibi mwa Australia hupambwa kwa vitanda vipana, meza zilizojaa samaki na helikopta iliyotua juu ya sitaha. Vitu hivyo vipo kweli. Lakini kitanda cha namna hiyo kinapatikana hata Perth, kwa bei nafuu zaidi. Anayelipa zaidi ya dola 1,000 za Australia kwa usiku mmoja kwenda Kimberley ananunua jambo moja hasa: kufikishwa mahali ambapo meli kubwa haithubutu kuingia, kwa saa ambayo bahari imeruhusu. Anayeelewa maji ya pwani ile yanavyokupwa na kujaa atachagua safari vizuri. Asiyeelewa anaweza kutoa pesa zilezile akaishia kuitazama miamba kwa mbali.

Kimberley ni sehemu ya kaskazini ya jimbo la Australia Magharibi. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 420,000, karibu nusu ya Tanzania, na wakazi wake hawafiki 50,000. Safari nyingi hung'oa nanga Broome, mji uliokua kwa uzamiaji wa chaza wa lulu, na kuishia Wyndham au Darwin, au huenda kinyume chake. Kwa kawaida huchukua kati ya wiki moja na mbili. Ukishaiacha ghuba ya King Sound nyuma, hukuti tena mji wenye gati la abiria mpaka Wyndham. Kila anayeshuka nchi kavu hushushwa kwa mashua, na kila mashua hungoja maji.

Bahari ni hii hii yetu

Mtu wa Unguja, Lamu au Tanga hahitaji kufundishwa bamvua na maji mafu. Anajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba katikati ya vipindi hivyo bahari hutulia. Tofauti ya Kimberley ni kipimo. Kwetu, bamvua kubwa hutenganisha maji kujaa na maji kupwa kwa takriban mita 4. Derby, mji ulio ndani ya King Sound, tofauti hiyo hupita mita 11. Katika ukanda wa joto wa dunia ni mahali pachache sana panapokaribia kiwango hicho.

Sababu iko chini ya maji. Bahari ya Hindi ina kina kirefu, lakini kaskazini-magharibi mwa Australia sakafu ya bara imetandaa mamia ya kilomita ikiwa na kina kidogo. Mawimbi ya kujaa yakifika hapo hupunguza mwendo, na maji yanayokuja nyuma hupanda juu ya yale yaliyotangulia. Yakiingia kwenye ghuba zinazozidi kuwa nyembamba kuelekea ndani, hukosa pa kutawanyikia, basi huenda juu.

Fanya hesabu ndogo. Maji huchukua saa sita na dakika chache kutoka kujaa hadi kupwa. Kanuni ya zamani ya mabaharia husema kwamba saa ya kwanza hutoka sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, kisha mwendo hupungua kwa mpangilio uleule. Kwa bamvua la mita 11, ina maana kwamba katika saa ya tatu peke yake maji hushuka mita 2.75. Mashua iliyokuwa ikielea vizuri wakati abiria wakienda kutazama mapango inaweza kuwa imepwelewa juu ya tope kabla hawajarudi. Nahodha wa Kimberley hupanga siku kuanzia jedwali la maji, na saa ya kifungua kinywa hufuata baadaye.

Umbo la pwani nalo linazidisha kazi. Mawe-mchanga ya huku yana umri wa takriban miaka bilioni 1.8, na mito iliyakata ikaacha makorongo yenye kuta wima. Barafu ya dunia ilipoyeyuka baada ya kipindi cha baridi kuu, bahari ilipanda ikayafunika mabonde hayo. Vilele vya vilima vikageuka maelfu ya visiwa, na mabonde yakawa hori zinazojipinda. Mkondo unapita kwa nguvu katika kila mlango kati ya visiwa hivyo, na sehemu za pwani hii bado hazijapimwa kina kwa vifaa vya kisasa.

Sehemu mbili zinazotegemea mwezi

Ghuba ya Talbot ina maporomoko ambayo watu wa Dambimangari, wenyewe wa eneo hilo, huyaita Garaanngaddim. Maji yake hayaanguki kutoka juu ya jabali. Matuta mawili ya mwamba ya safu ya vilima ya McLarty yamesimama sambamba, kila moja likiwa na mwanya mwembamba, wa kwanza wa takriban mita 20 na wa pili wa takriban mita 10. Bahari inapokupwa nje, maji yaliyo nyuma ya matuta hayawahi kutoka, kama umati unaotoka uwanjani kwa mlango mmoja. Upande mmoja hubaki juu ya mwingine kwa mita kadhaa, na maji hupita mwanyani kwa kishindo. Bahari ikijaa, mkondo hugeuka na kukimbilia ndani. Wakati wa maji mafu nguvu hiyo hupungua sana, na mgeni aliyekuja kwa sababu ya picha ya tangazo hushangaa.

Kwa watu wa Dambimangari mahali hapo ni patakatifu, na kwa muda mrefu wamekuwa wakitaka boti zisipite katikati ya mianya. Mei 2022 boti ya watalii iligonga mwamba pale na abiria kadhaa wakaumia vibaya. Serikali ya jimbo imekwisha kutangaza kwamba kuvuka mianya kutakoma mwaka 2028. Kutazama kwa mashua kutoka nje, au kwa ndege kutoka juu, kutaendelea. Wakala anayekuuzia safari ya miaka ijayo kwa ahadi ya kupita ndani mwa mwanya, muulize tarehe.

Mahali pa pili ni Montgomery Reef, tambarare ya matumbawe yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 400. Maji yakijaa huioni. Yakipwa, mwamba huonekana kana kwamba unainuka kutoka baharini hadi mita 4, na maji yaliyobaki juu yake humiminika pembeni kwa mamia ya vijito. Kasa, papa wadogo na ndege wavuvi hukusanyika kwenye mlango wa maji unaoingia katikati ya mwamba, kwa sababu vijito huwaletea chakula. Tamasha hilo hudumu saa chache tu. Ukifika mapema mno utakuta bahari tupu, na ukichelewa utakuta mwamba umeanza kuzama.

Hesabu ya mashua

Hapa ndipo ukubwa wa meli unapogeuka kuwa suala la pesa. Meli inayojulikana zaidi katika pwani hii, True North, ina urefu wa mita 50 na huchukua abiria 36. Coral Adventurer huchukua 120. Baadhi ya meli za Ponant huchukua 184. Zote huitwa meli ndogo, na kweli ni ndogo zikilinganishwa na zile za abiria 2,000 ambazo hupita mbele ya makorongo haya bila kumshusha mtu yeyote.

Chukua mashua ya mpira inayobeba watu kumi. Abiria 36 huondoka kwa mashua nne, kwa pamoja. Abiria 184 wanahitaji mashua kumi na tisa, kwa hiyo hugawanywa kwa zamu. Ikiwa Montgomery Reef inatoa saa mbili nzuri, kundi la kwanza litayaona maji yakianza kumiminika, na kundi la mwisho huenda likaona mabaki. Meli kubwa zaidi kidogo ina faida zake pia: huyumba kidogo kwenye bahari ya wazi, vyumba vyake ni vikubwa, na mara nyingi bei kwa usiku ni ndogo. Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuifurahia zaidi kuliko ile ndogo. La msingi ni kujua unachoachia.

Uliza pia kina ambacho meli inahitaji ili ielee. Meli inayohitaji mita mbili tatu huingia mtoni na kutia nanga chini ya ukuta wa korongo. Inayohitaji mita tano hubaki nje, na safari ya mashua kwenda na kurudi hula saa zako.

Mbuyu wenye maandishi, na michoro ya wenyeji

Mwaka 1820 Phillip Parker King, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa akipima pwani hii, aligundua kwamba chombo chake Mermaid kinavuja. Alikipweleza kwenye ghuba ambayo tangu hapo inaitwa Careening Bay, wakakitengeneza kikiwa kimelala mchangani, kazi ambayo mafundi wa majahazi yetu wangeitambua mara moja. Wakiwa pale, walichonga jina la chombo na mwaka kwenye shina la mti. Mti huo bado uko hai na maandishi yanasomeka. Ni mbuyu. Australia ina aina moja ya mbuyu, ndugu wa ule wetu, na Kimberley ndiko kwao.

Maandishi hayo ni ya juzi tu ukilinganisha na yaliyo mapangoni. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba mchoro wa kangaruu uliopo Kimberley una umri wa kati ya miaka 17,100 na 17,500. Waliupima kwa kutumia mabaki ya viota vya udongo vya nyigu vilivyokuwa chini na juu ya rangi. Msanii wake aliishi wakati ufuko wa bahari ulikuwa mbali sana na hapo. Michoro ya Wandjina, nyuso kubwa zisizo na mdomo zinazohusishwa na mvua na uumbaji, ni ya baadaye, na bado ni sehemu ya imani hai ya watu wa Worrorra, Ngarinyin na Wunambal. Wunambal Gaambera wana utaratibu wa kibali cha kulipia kwa wageni wanaoshuka katika maeneo yao. Kampuni yenye heshima huonyesha malipo hayo waziwazi na huwasikiliza wenyeji wanaposema wapi pasipigwe picha.

Mwezi gani, na tahadhari gani

Msimu ni Aprili hadi Oktoba. Miezi mingine huja vimbunga, na meli huhama. Aprili na Mei, mara tu baada ya mvua, maporomoko ya mto King George huanguka mita 80 kwa nguvu zote. Kufikia Agosti yanaweza kuwa yamebaki michirizi. Kwa upande mwingine, Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu huja kuzaa Camden Sound. Huwezi kuyapata yote mawili kwa ukamilifu katika safari moja, kwa hiyo chagua.

Usitarajie kuogelea baharini. Mamba wa maji ya chumvi wamejaa katika hori na mito, na mwaka 1987 mgeni kutoka Marekani aliuawa na mamba kwenye maporomoko ya King Cascade. Hospitali ziko mbali, na mgonjwa huondolewa kwa helikopta au ndege. Bima isiyotaja uokoaji wa anga haifai huku. Raia wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wanahitaji viza ya Australia, nayo iombwe mapema.

Kabla ya kulipa, weka ratiba ya safari kando ya kalenda ya mwezi. Angalia siku ya Talbot na siku ya Montgomery ziko karibu kiasi gani na mwezi mpevu au mwandamo. Kisha muulize wakala maswali manne: abiria wangapi, mashua ngapi, meli inahitaji kina gani, na nani anayepanga saa za kushuka. Akikujibu kwa takwimu, endelea naye. Akikurudisha kwenye picha za vitanda, tafuta mwingine.