KWA NINI MTORO NI MTORO?
Mikabala mbalimbali ya kazi ya ustawi wa jamii

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ilinijia muhula uliopita, chama chetu kilipojadili hoja kwamba mwanafunzi mtoro afukuzwe shuleni. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi, wakapigiwa makofi mpaka mabati yakatikisika. Mimi nilikuwa upande wa upinzani, na tangu siku hiyo nimeendelea kuichunguza hoja hiyo. Msaada mkubwa nimeupata kwa senge yangu, yaani shangazi, ambaye alisomea kazi ya ustawi wa jamii na madaftari yake ya chuo bado ameyahifadhi. Ndugu msomaji, hebu tuandamane.

Ustawi wa jamii ni nini?

Wengi wetu hapa Matulo tukisikia ustawi wa jamii tunafikiria kugawa unga na blanketi. La hasha! Hii ni taaluma inayosomewa chuoni kama vile ualimu au uuguzi. Kazi yake ni kumsaidia mtu, familia au kijiji kilichokwama kiweze kusimama tena. Na kama taaluma nyingine zozote, ina nadharia zake. Nadharia ni kama miwani. Ukivaa ya kusomea utaona herufi vizuri lakini mlima hutauona. Ukivaa ya kuonea mbali, mlima utauona lakini herufi zitakuchezea.

Wakuu wa taaluma hii walianza kuvutana zamani. Kule Marekani, Mary Richmond alitoa kitabu mwaka wa 1917 akifundisha kwamba kabla ya kumsaidia mtu ni lazima umchunguze kwa makini kama daktari: uulize nyumbani, shuleni na kwa majirani, kisha ndipo uamue. Naye Jane Addams, pamoja na mwenzake Ellen Gates Starr, walikuwa wamefungua nyumba iitwayo Hull House mjini Chicago mwaka wa 1889. Walihamia humo wakaishi na wahamiaji maskini, na Addams akapigania sheria za kuwalinda watoto walioajiriwa viwandani. Baadaye, mwaka wa 1931, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Basi swali ni hili: tumrekebishe mtu, au turekebishe jamii inayomkwamisha? Mpaka leo swali hilo halijaisha.

Tumchukue Nafula

Ili tusielee hewani, tutumie mfano. Tumwite Nafula. Si jina la mtu, bali ni picha niliyoiunganisha kutokana na wenzetu watatu ambao madawati yao yamebaki wazi tangu tulipoingia kidato cha kwanza. Nafula ana miaka kumi na mitano. Mama yake aliaga dunia. Baba alikuwa na kazi ya mshahara, kazi ikaisha, sasa ni mtu wa vibarua na chang'aa. Nafula na ndugu zake wawili wadogo wanaishi kwa nyanya yao mwenye miaka 72. Kila wiki anakosa masomo siku mbili. Akija anasinzia. Akiulizwa anajibu kwa ukali, halafu anaitwa mkaidi. Sasa wenye nadharia wamkabili.

Wa kwanza: kuangalia moyoni

Mkabala huu ulitokana na mafundisho ya Sigmund Freud, daktari wa mjini Vienna. Wafuasi wake husema tabia ya leo ina mizizi katika maumivu ya jana. Wao hawatauliza kwanza kwa nini Nafula hakufika Jumatatu. Watauliza: je, alipata nafasi ya kumlilia mama yake, au alishikishwa sufuria siku iliyofuata maziko? Ukali wake huenda ni huzuni iliyovaa koti lingine. Uzuri wa mkabala huu ni kwamba unamsikiliza mtu. Ubaya wake ni kwamba unachukua muda mrefu, na maneno hayajazi tumbo.

Wa pili: kurekebisha tabia

Hawa wanafuata utafiti wa Pavlov wa Urusi na Skinner wa Marekani. Wanasema tabia hufunzwa, kwa hivyo inaweza kufunzwa upya. Kinachotuzwa hukua, kisichotuzwa hufifia. Wengi wetu tukisikia hivyo tunakimbilia kiboko. Lakini kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Skinner mwenyewe alipendelea tuzo kuliko adhabu. Mwalimu anayemwambia Nafula, "Wiki hii umekuja siku nne, hongera," anatumia mkabala huu bila kujua. Hata hivyo, utamtuza mtu vipi kwa kufika shuleni ikiwa asubuhi hiyo ndugu yake anatetemeka kwa malaria na hakuna mwingine wa kumpeleka zahanati?

Wa tatu: mifumo

Hapa ndipo mimi nilisimama nikatega sikio. Mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner, katika kitabu chake cha mwaka wa 1979, alieleza kwamba mtoto yuko katikati ya duara ndani ya duara. Duara la karibu ni familia, shule na majirani. La nje zaidi lina kazi ya mzazi, ofisi za serikali, uchumi na mila. Duara la nje likitikisika, la ndani hupasuka.

Sisi wa upande huu wa Webuye hatuhitaji kuelezwa sana. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichoanza uzalishaji miaka ya 1970, kilifungwa mwaka wa 2009. Hakuna mtoto wa darasani kwetu aliyefanya kazi humo. Wengi hata hatukuwa tumezaliwa. Lakini kiwanda kikubwa kikizima mitambo, mama mboga hukosa wateja, nyumba za kupanga hubaki tupu, na baba fulani hurudi nyumbani mikono mitupu. Ukimwona Nafula akisinzia darasani, huenda unaona mwisho wa kamba ndefu ambayo mwanzo wake uko mbali sana na dawati lake.

Wa nne: hatua ndogo ndogo

William Reid na Laura Epstein waliandika mwaka wa 1972 kwamba watu wengi husaidika zaidi wakichagua shida moja au mbili na kuzifanyia kazi kwa muda mfupi uliopangwa. Kwa Nafula, itakuwa hivi. Wiki ya kwanza: nyanya atafute kitambulisho chake, kwa sababu mpango wa serikali wa Inua Jamii huwalipa wazee waliotimiza miaka 70 na kuandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wiki ya pili: liguru awapeleke kwa naibu wa chifu kuulizia uandikishaji. Wiki ya tatu: Nafula na mwalimu wakubaliane jinsi ya kufidia masomo yaliyompita. Si maajabu, lakini mambo yanasonga.

Wa tano: kuanza na uwezo

Dennis Saleebey na wenzake wa Kansas, katika miaka ya 1980 na 1990, walichoka kusikia watu wakiitwa kwa majina ya shida zao: mlevi, mtoro, yatima. Wakageuza swali. Badala ya "Una shida gani?" wakauliza, "Umewezaje kufika hapa?" Nafula anapika, anafua, anauguza, anasimamia pesa kidogo zisiishe kabla ya Ijumaa, na bado anafika shuleni siku tatu! Nani kati yetu angeweza? Senge aliniambia, "Mwanangu, mtu akiitwa mzigo kila siku, ataanza kujibeba kama mzigo." Sentensi hiyo haijanitoka.

Wa sita: kubadilisha jamii

Hawa ndio warithi wa Jane Addams, na wengi walimsoma pia Paulo Freire wa Brazili, aliyefundisha kuwa wanyonge wakikaa pamoja na kuchunguza hali yao, wataanza kuibadilisha. Kwao, kumsaidia Nafula peke yake ni kufuta maji sakafuni huku mfereji ukiwa wazi. Masomo ya kutwa yalifanywa ya bure mwaka wa 2008, lakini mwanafunzi bado anahitaji sare na pesa za chakula cha mchana. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na inasema maslahi ya mtoto yatangulie. Basi wazazi waungane, wadai haki hiyo.

Na wazee wetu je?

Msidhani hekima hii yote ilikuja kwa meli. Sisi Wabukusu, baada ya maziko kuna siku ya kunyolewa. Ukoo hukaa. Madeni ya marehemu hutajwa, mali huzungumzwa, na swali huulizwa mbele ya watu: watoto hawa wataangaliwa na nani? Khocha, yaani mjomba wa upande wa mama, ana sauti. Huo ni mkabala wa mifumo kabla haujapewa jina. Kasoro ni kwamba siku hizi watu hunyolewa, hula, huondoka, na jibu huachiwa nyanya.

Rai yangu

Wenzangu, mimi siamini kwamba miwani moja inatosha. Lakini kama ni kupanga foleni, ningeanza na uwezo ili Nafula asiaibike, nifuate mifumo ili nijue kamba inaanzia wapi, halafu hatua ndogo ndogo ili kesho pawe na tofauti. Huzuni ya moyoni isikilizwe njiani. Kumfukuza hakumo katika nadharia hata moja kati ya sita. Ni kumkatia duara la mwisho lililokuwa bado linamshika.

Afisa wa watoto ana eneo kubwa la kuhudumia na hawezi kuona kila dawati lililo wazi. Sisi tunaliona. Mwenzako akikosa siku mbili, mwendee nyumbani ukiwa na daftari lako, si maswali ya polisi. Mwambie mwalimu wa ushauri nasaha. Mtoto akiwa hatarini, piga simu nambari 116; haina malipo.

Hoja ile ikiletwa tena chamani, nitaomba nafasi ya kwanza kuipinga. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, kwa hivyo nakukaribisha upande wangu.

Kiswahili kitukuzwe!